Kuhifadhi mazingira majumbani si mambo ya Wazungu

Katika mikusanyiko yetu hapa Uingereza, iwe ni arusi, hitma au mazungumzo ya watu wanaotoka kusali Ijumaa, ukizusha habari za kupunguza taka, kubana umeme au kutenganisha mabaki ya chakula, jibu utakalopewa huwa ni moja: hayo ni mambo ya Wazungu. Wapo wanaolisema kwa mzaha na wapo wanaolisema kwa hasira. Hoja yao ni kwamba watu wamekuja huku kutafuta maisha au kutafuta usalama, wana mitihani ya karatasi za ukaazi, kazi za usiku na malezi ya watoto, na kwa hivyo hawana nafasi ya kushughulikia rangi ya pipa la taka.

Kwa heshima zote, sisi hatukubaliani na kauli hiyo na tunaona wakati umefika wa kuijibu kwa urefu. Tunaijibu kwa sababu tatu. Kwanza, si kweli kwamba mambo haya ni ya kigeni kwetu. Pili, anayeumizwa na israfu kabla ya mtu mwengine yeyote ni mwenye kipato kidogo, na wengi katika jamii yetu ndio hao. Tatu, na hili ndilo linalotukera zaidi, sehemu ya taka zinazotoka katika nyumba za ughaibuni hazibakii ughaibuni. Zinapakiwa ndani ya kontena na kupelekwa kwa wazee wetu Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam kwa jina la zawadi.

Tuanze na asili yetu. Aliyekulia visiwani au popote katika mwambao anajua kwamba mnazi hauna cha kutupwa. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui, machicha hupewa kuku. Kifuu huwa upawa au kata, na kikivunjika huwashiwa moto. Makumbi hufukiwa pwani mpaka yakalainika, kisha wanawake wakayatwanga na kusokota kamba. Makuti huezekea nyumba na vijiti vyake vikawa fagio la chelewa. Kanga nayo ilikuwa na umri wake: ilianza kwa kutokea, ikashuka ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa winda la mtoto, na mwisho ikawa tambara la kupigia deki. Wali uliobaki usiku ulikuwa kiporo cha asubuhi. Watu walikula sinia moja, na maji ya kisimani hayakumwagwa ovyo kwani kila aliyeyabeba kichwani aliujua uzito wake.

Hatusemi kwamba bibi zetu walikuwa wanaharakati wa mazingira. Waliishi hivyo kwa sababu ya uhaba, na uhaba si kitu cha kutamani. Lakini mazoea yaliyoletwa na uhaba yanaweza kubakia yakawa busara hata uhaba unapoondoka. Anayeyatupa mazoea hayo kwa kudhani ndiyo kustaarabika, kisha akayasikia tena kwenye televisheni kwa lugha ya Kiingereza na kuyaita ya Wazungu, huyo ameisahau nyumba aliyolelewa.

Tena si wazee tu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. England, yenye mitaji na vyuo vikuu vyote hivyo, ilianza kutoza peni 5 kwa mfuko katika maduka makubwa Oktoba 2015, yaani miaka tisa baada ya Zanzibar, na ikapandisha hadi peni 10 mwaka 2021. Utekelezaji kwetu umekuwa na kasoro zake, hilo linajulikana. Lakini katika jambo hili mwenye kikapu cha ukili alikuwa mbele ya mwenye toroli la supamaketi.

Sasa tujiulize, kwa nini mazoea haya yanapotea mara tu mtu anapopewa funguo za nyumba ya ughaibuni? Ipo sababu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni hali yenyewe ya ukimbizi. Wengi katika sisi tulioondoka kwetu kwa sababu za kisiasa tulifika huku tukitaraji kwamba ni jambo la mwaka mmoja au miwili, upepo ugeuke turudi. Mtu aliyeko safarini hashughuliki na nyumba ya njiani. Hajifunzi boila inavyofanya kazi, hajui siku ya kuchukuliwa taka, haulizi kwa nini ukuta wa chumba cha watoto unatoa maji. Anasema hapa tunapita tu. Kumbe miaka ishirini imepita, watoto wamezaliwa, wamesoma na wengine wameoa, na nyumba bado inaendeshwa kama chumba cha gesti. Huku tunapita au tunabaki, bili inakuja kila mwezi kwa jina letu, na moshi tunaoutoa hauulizi pasi ya mtu.

Kwa vile kubana matumizi kunakofanywa wiki moja kisha kukasahauliwa hakuna maana, tuufuate mwaka wenyewe ulivyo katika nchi hii, msimu mmoja baada ya mwengine.

Mwaka wa Uingereza unaanza katikati ya baridi, na baridi ndiyo inayokula fedha. Sehemu kubwa ya nishati inayotumika katika nyumba za huku huenda katika kupasha joto vyumba na maji, si katika taa wala televisheni. Majira ya baridi ya 2021 kiwango cha juu cha bili ya nyumba ya kawaida kilikuwa paundi 1,277 kwa mwaka. Kufika Oktoba 2022 serikali ililazimika kuingilia kati ili bili hiyo isipindukie paundi 2,500, karibu mara mbili. Bei zimeshuka tokea wakati huo lakini hazijarudi zilipokuwa. Anayezima taa ya ukumbini huku redieta za nyumba nzima zinawaka usiku kucha amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Yapo mambo ambayo hayagharimu chochote. Boila nyingi za kombi huachwa na mafundi zikipeleka maji ya digrii 70 au 80 kwenye redieta. Katika kampeni yake ya Disemba 2022 serikali ya Uingereza iliwashauri wananchi wakishushe kipimo hicho hadi digrii 60, kwani boila za aina hiyo hufanya kazi vizuri zaidi maji yanayorudi yanapokuwa hayajachemka mno. Tahadhari ni kwamba ushauri huo ni wa boila za kombi. Mwenye tangi la kuhifadhia maji ya moto asilishushe chini ya digrii 60, kwani vijidudu huzaliana humo. Asiye na uhakika amuulize fundi au mwenye nyumba.

Jengine ni kuliondoa kochi mbele ya redieta, maana linalopashwa joto pale ni kochi na si watu. Pazia zifungwe jua linapotua. Chini ya mlango liwekwe tambara lililokunjwa kuzuia upepo, na hapa ile kanga iliyomaliza kazi zake zote inapata kazi nyengine. Chumba kisichokaliwa redieta yake ipunguzwe na mlango ufungwe.

Lakini tuseme wazi: kubana matumizi si kugandisha watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka digrii 18 kuwa joto la ndani lililo salama kwa watu wengi katika nchi za baridi, na wazee, wagonjwa na watoto wachanga huenda wakahitaji zaidi. Nyumba ikiwa baridi na yenye unyevu huota ukungu mweusi, na ukungu unaua. Disemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki dunia mjini Rochdale. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba kifo kilisababishwa na kuvuta hewa yenye ukungu kwa muda mrefu katika nyumba waliyopangishwa. Wazazi walikuwa wamelalamika mara kadhaa, na wenye nyumba wakaona tatizo ni namna familia inavyoishi. Kutokana na kifo hicho ikatungwa Sheria ya Awaab, ambayo tokea Oktoba 2025 inawalazimisha wenye nyumba za kijamii katika England kuchunguza na kurekebisha unyevu na ukungu wa hatari ndani ya muda maalum.

Familia zetu nyingi zinaishi katika nyumba za aina hiyo hiyo, na mara nyingi huambiwa maneno hayo hayo, kwamba mnapika sana, mnafua sana. Wajibu wa mpangaji ni kufanya lililo katika uwezo wake: sufuria zifunikwe, dirisha la jikoni lifunguliwe wakati wa kupika, nguo zianikwe katika chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango uliofungwa. Akishafanya hayo na ukuta bado unatoka jasho, basi kasoro ni ya nyumba. Apige picha, aandike barua, aweke tarehe na nakala. Kutunza mazingira ya nyumba ni pamoja na kudai haki ya kukaa katika nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu.

Jikoni ni mwaka mzima, na jikoni ndiko tulikobeba ujuzi mwingi kutoka kwetu. Chukua mfano wa chupa ya chai. Nyumba ya Kiingereza huwasha birika la umeme mara kadhaa kwa siku, na mara nyingi hujaza maji kupita yanayohitajika. Kwetu chai hupikwa mara moja asubuhi ikatiwa chupani na kila anayepita hujimiminia. Maharage na choroko huroweshwa usiku ili yasikae motoni saa tatu. Sufuria la presha limo katika kabati za nyumba nyingi. Kinachotakiwa ni kuvitumia vitu hivyo na si kununua vipya.

Tatizo kubwa la jikoni ni chakula kinachotupwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa hesabu mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitupwa na majumba, si mahoteli wala maduka. Hapa Uingereza peke yake majumba yalitupa kiasi cha tani milioni 6 mwaka huo, na vinavyoongoza ni viazi, mkate na maziwa. Chakula kikitupwa, hutupwa pamoja nacho maji yaliyokiotesha, mafuta yaliyokisafirisha na jasho la aliyekinunua. Kikifukiwa jaani hutoa gesi ya methani ambayo huipasha joto dunia kwa nguvu kuliko hewa ukaa.

Hapa hatuna budi kuutaja mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja na hivyo huyapitia majira yote ya mwaka. Mwezi wa kufunga umekuwa ndio mwezi wa kununua kupita kiasi. Meza ya futari inakuwa na tambi, mihogo, ndizi, sambusa, bajia, kachori, kaimati na maharage ya nazi kwa watu watano, na baada ya tarawehe nusu yake inaingia kwenye mfuko mweusi. Dini inakemea israfu hata katika maji ya kutawadhia, sembuse chakula. Tunawashauri akina mama na akina baba, maana siku hizi na wao wamo jikoni, wapange futari ya wiki nzima kabla ya kwenda dukani, wapike aina tatu badala ya nane, na jirani asiyefunga naye apelekewe sahani kama ilivyokuwa mtaani kwetu. Kiporo cha wali kilindwe: wataalamu wa chakula wa hapa wanashauri wali upozwe na kuingizwa frijini ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja, na ukipashwa moto upashwe mpaka utoke moshi.

Na yale mafuta ya kukaangia sambusa yanamwagwa wapi? Septemba 2017 mafundi wa maji taka walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London, donge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa vya kupangusia, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kulivunja kulichukua wiki kadhaa. Donge lile halikutengenezwa na jamii moja, lakini kila sinki lililomiminiwa mafuta lilichangia. Mafuta yaachwe yapoe, yachujwe, yatumike tena, na yakishachoka yatiwe kwenye chupa na kupelekwa kituo cha taka cha kaunsili. Kikaango kipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa.

Majira ya machipuko ndipo watu hufagia nyumba na kufungua makabati, na hapo ndipo mapipa yanapojaa. Kila kaunsili ina utaratibu wake na rangi zake, na anayehama kutoka mji mmoja kwenda mwengine inambidi ajifunze upya. Lakini kanuni zinakaribiana: chupa na makopo yasuuzwe, karatasi isiwe na mafuta, nepi za watoto zisitiwe kabisa kwenye pipa la vitu vya kutengenezwa upya. Nepi moja au sufuria ya mchuzi iliyomwagwa humo inaweza kusababisha mzigo mzima ukataliwe, na kazi ya majirani wote ikapotea. Ratiba ya kaunsili ibandikwe mlangoni mwa friji, na mtoto mmoja wa nyumba apewe usimamizi. Watoto hawa wanafundishwa mambo hayo skuli, na inawavunja moyo kuona wazazi wao wakiyadharau.

Kiangazi kikija, tusidanganyike kwamba huku hakuna joto. Tarehe 19 Julai 2022 kipimo kilifika digrii 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, jambo ambalo halijapata kurikodiwa katika nchi hii. Wengi walikimbilia kununua mashine za kupooza hewa. Aliyewahi kukaa Mji Mkongwe anaijua dawa: madirisha na pazia za upande wa jua hufungwa mchana, kisha usiku nyumba ikafunguliwa upepo ukapita. Nguo zianikwe nje, kwani jua ni bure na mashine ya kukaushia ni miongoni mwa vyombo vinavyokula umeme zaidi. Mvua ikichelewa, baadhi ya makampuni ya maji huzuia mipira ya kumwagilia, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2025. Maji yaliyooshewa mchele na mboga yanatosha kumwagilia ndoo ya kotmiri na pilipili kibarazani, na mchicha huota vizuri katika majira hayo hata kwenye ndoo kuukuu.

Kiangazi pia ni msimu wa arusi na pikiniki. Majiko ya karatasi ya kutupa, yale ya kuchomea mishikaki, yameunguza majani na misitu mingi, na bustani kadhaa yamepigwa marufuku. Sahani na vikombe vya povu vilikatazwa kuuzwa England tokea Oktoba 2023. Kwetu shughuli ya watu mia tatu iliandaliwa bila ya sahani moja ya kutupa, kwani mtaa ulikuwa na masufuria na masinia yake ya kuazima. Jumuiya zetu zinazokusanya michango kila mwaka zingeweza kununua masinia hamsini na kuyaweka mahali pamoja. Yangejilipa katika arusi chache tu.

Ndugu zetu walioko Maskati, Dubai na Doha mwaka wao umegeuka. Kwao ni kiangazi ndicho kinacholeta bili nzito, na mkosaji si redieta bali ni kiyoyozi. Hesabu lakini ni ile ile. Kiyoyozi kikiwekwa digrii 24 badala ya 18, chujio likasafishwa na milango ikafungwa, tofauti huonekana mwisho wa mwezi. Nyumba inayomlazimisha mtu kujifunika blangeti mwezi wa Julai mjini Maskati imevuka mpaka.

Mwisho wa mwaka unapokaribia, huanza harakati za kupakia kontena na mapipa ya kupeleka nyumbani, na hapa ndipo tunapotaka kusikilizwa kwa makini. Kupeleka nyumbani ni jambo jema na familia nyingi zimesimama kwa mizigo hiyo. Lakini wapo wenzetu wanaokusanya majokofu yaliyotupwa, televisheni za zamani, kompyuta zisizowaka na mashine za kufulia zilizokufa, kwa imani kwamba nyumbani hakiharibiki kitu, mafundi watatengeneza. Mafundi wetu ni hodari, hilo hatulipingi. Lakini kifaa kilichokwisha maisha yake hapa hakifufuki kwa kuvuka bahari.

Jokofu la zamani linakula umeme mwingi kuliko jipya, na bibi aliyepelekewa ndiye atakayenunua uniti za Tukuza kila wiki ili kulilisha. Hivyo aliyepeleka amepata sifa na aliyepokea amepata bili. Ukanda wake wa mpira umelegea, gesi yake ikiwa ni ya zile aina za kale huharibu tabaka la ozoni, na likifa hakuna wa kulitoa gesi hiyo kwa usalama. Televisheni za kioo kinene zina risasi ndani yake. Nyaya huchomwa ili kupatikana shaba, na moshi wake huvutwa na watoto wanaookota jaani. Ghana ilikwishaona hasara hiyo na ikayazuia majokofu ya mitumba, sheria iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2013. Na tokea Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za vifaa vya umeme haziruhusiwi kuvuka mipaka bila ya nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia. Kifaa kisichofanya kazi ni taka, hata kikifungwa kwa utepe.

Kwa hiyo kila kifaa kijaribiwe kabla ya kupakiwa. Kikiwa kinafanya kazi na umri wake si mkubwa, kifungwe vizuri kiende. Kikiwa kibovu, hapa Uingereza maduka yanayouza vifaa vya umeme yana wajibu wa kisheria kuhusu kupokea vikuukuu, na vituo vya kaunsili huvichukua. Fedha ambazo zingelipia nafasi ya jokofu bovu ndani ya kontena zitumwe zilivyo, na familia inunue kule jokofu dogo lenye dhamana, taa ya jua au jiko la gesi. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mtungi wa gesi jikoni kwa mama una faida kubwa kwa macho na mapafu yake kuliko friza lisilogandisha.

Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa thamani ya umeme. Mwaka 2008 walikaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 walikaa miezi mitatu gizani baada ya kuharibika kwa njia ya umeme kutoka Bara. Leo ipo nyaya mpya ya chini ya bahari, lakini umeme bado unatoka ng'ambo na bado unalipiwa. Kuwapelekea vifaa vinavyoumeza umeme huo ni kuwarudisha nyuma.

Watakuwepo wa kutuambia kwamba tunawabebesha maskini dhambi za matajiri. Afrika nzima hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na kampuni ya mafuta ya BP ndiyo iliyotumia fedha nyingi katika miaka ya 2000 kuitangaza fikra ya kila mtu kupima uchafuzi wake mwenyewe, wakati yenyewe ikiendelea kuchimba. Hoja hiyo ni ya kweli na sisi tunaiunga mkono. Masinia hamsini hayatazuia kisima kimoja cha mafuta. Serikali na makampuni makubwa lazima yaendelee kubanwa kwa kura, kwa kalamu na kwa maandamano, na sisi tuliokimbia kwetu kwa sababu ya kalamu hatutaacha kusema hivyo.

Hata hivyo, ukweli huo hauondoi kwamba bili ni yetu, ukungu uko katika vyumba vya watoto wetu, na jokofu bovu liko barazani kwa mama zetu. Wala bahari haingoji hoja zetu ziishe. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, maji ya chumvi yamekwishaingia katika mashamba yaliyokuwa yakilimwa mpunga, na mikoko iliyokuwa ikiukinga mwambao imekuwa ikikatwa kwa kuni na mkaa. Wakulima wale hawakuwasha redieta hata siku moja. Waliokuwa na ndugu ughaibuni wana haki ya kutaraji kwamba ndugu hao angalau hawawaongezei mzigo.

Basi tunatoa rai kwa viongozi wa jumuiya zetu katika kila mji. Mkutano ujao, kabla ya ajenda ya michango, mpeni nusu saa mtu anayejua boila na bili awafahamishe wanachama kwa Kiswahili, khasa wazee wasiosoma Kiingereza. Nunueni masinia. Na kila anayekusanya mizigo ya kontena awe na soketi ya umeme mlangoni, kifaa kichomekwe mbele ya mwenyewe, kisichowaka kirudi na mwenyewe. Litakapofunguliwa kontena hilo nyumbani, kila kitakachotoka humo kiwe ni kitu ambacho aliyekipeleka angeridhika kukiweka sebuleni kwake.